Choo cha bideti na maji yake ya uvuguvugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaotaka bideti huanza kwa kutazama picha za viti vyenye rimoti na taa. Ukurasa huu unaanza kwingine, kwenye bomba lililo nyuma ya choo chako, kwa sababu hapo ndipo panapoamuliwa kama kifaa kitakufaa. Swali linalobeba mengine yote ni hili: maji ya uvuguvugu yatatoka wapi, na yatafikaje kwenye nozeli, yaani mdomo unaorusha maji, kabla hujamaliza shughuli yako?

Bideti ni kitu gani hasa, na ziko aina gani?

Ni chombo cha kuchambia kwa maji ukiwa umekaa. Ya kale ni beseni la kauri linalowekwa kando ya choo, lenye bomba lake na njia yake ya maji machafu. Limetoka Ufaransa, na katika karne ya 18 lilikuwa tayari samani ya nyumba za wenye uwezo, likijazwa maji kwa mkono. Italia ililiwekea sheria: amri ya wizara ya afya ya tarehe 5 Julai 1975 inataka kila nyumba iwe na angalau bafu moja lenye choo, bideti, sinki la kunawia, na beseni la kuogea au shawa.

Kiti cha bideti cha umeme ni kitu kingine kabisa. Hiki unakifunga mahali pa kiti cha choo cha kawaida, na nozeli yake hutoka chini yako unapobonyeza kitufe, kisha hurudi ndani. Kampuni ya TOTO ya Japani ilianza kuuza Washlet yake mwaka 1980, na leo kiti cha namna hii kimo katika nyumba nyingi mno za nchi hiyo. Vipo pia vyoo kamili ambavyo kiti, hita na bakuli ni kitu kimoja kilichotoka kiwandani pamoja.

Halafu kuna vifaa visivyo na umeme. Kimoja ni kipande chembamba kinachobanwa kati ya kiti na bakuli, chenye kishikio cha kufungulia maji. Kingine ni bomba la mkono, ule mpira wenye kichwa cha kubonyeza unaoning'inia ukutani.

Nichague choo kwanza au maji kwanza?

Maji kwanza. Kabla hujatazama kifaa chochote, ingia chooni ukaangalie mambo matatu. Bomba la maji ya moto la karibu liko umbali gani, ukifuata njia ya bomba lenyewe na si mstari ulionyooka? Je, kuna soketi karibu, au ukuta ambao fundi umeme anaweza kuufikia? Na maji yako yana presha kiasi gani?

Majibu hayo matatu yanatosha kukata orodha nusu. Mwenye soketi karibu na presha nzuri anaweza kuchukua kiti cha umeme na asihangaike kabisa na bomba la maji ya moto. Asiye na umeme chooni lakini mwenye maji ya moto kwenye sinki lililo jirani anafaa kuchukua kifaa cha mabomba mawili, la moto na la baridi. Asiye na kimoja kati ya hivyo atumie maji baridi kwa sasa, na hiyo si aibu wala si hasara.

Kwani maji ya uvuguvugu ni lazima?

Si lazima. Maji baridi yanasafisha vizuri, na mahali ambapo maji ya bomba yana nyuzi 25 au zaidi mwili hauyakatai. Maji yenye nyuzi 10 ni habari nyingine. Mwili hujikaza, mtu huharakisha, na haraka hiyo ndiyo inayoacha uchafu.

Uvuguvugu una thamani kubwa zaidi kwa mwenye bawasiri au mchaniko wa njia ya haja kubwa, kwa aliyetoka kujifungua, kwa mzee, na kwa mtoto anayejifunza choo. Kama nyumbani kwako yumo mmoja wa hao, mimi naliona hitaji la maji ya uvuguvugu kuwa halali kabisa, na gharama yake kuwa na maana.

Nyumba yangu ina hita ya maji tayari. Si ninaunganisha tu?

Inawezekana, ila hapa ndipo watu wengi wanapovunjika moyo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hita ikiwa mbali, maji yaliyolala ndani ya bomba kati ya hita na choo yameshapoa. Ni lazima yatoke kwanza. Bomba la shaba la milimita 15 hubeba takriban mililita 145 kwa kila mita. Hita ikiwa mita 10 kutoka chooni, karibu lita moja na nusu ya maji baridi inasubiri njiani. Kwenye shawa hutalihisi jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu shawa inamwaga lita nyingi kwa dakika. Nozeli ya bideti, ambayo huenda inapitisha lita moja kwa dakika, itahitaji dakika moja na nusu kutoa maji hayo. Wewe utakuwa umeshamaliza na kuondoka. Ulinunua kifaa cha maji ya moto, umefunga bomba la moto, na kila siku unachambia maji baridi.

Njia za kutoka hapo zipo. Ikiwa kifaa kimeunganishwa kwenye bomba la moto la sinki la kunawia lililo hatua chache tu, fungua bomba la moto la sinki kwanza hadi maji yapate joto, kisha kaa. Maji hayo ya mwanzo unaweza kuyakinga kwenye ndoo kwa ajili ya usafi. Njia ya pili ni hita ndogo ya lita chache chini ya sinki, ambayo inapunguza safari ya maji kutoka mita 10 hadi mita 1. Njia ya tatu ni bomba la mzunguko, ambalo pampu yake huyarudisha maji kwenye hita ili yawe moto wakati wote. Hiyo hula umeme na joto saa zote, nami nisingeijenga kwa ajili ya bideti peke yake. Kama nyumba inayo tayari, itumie.

Hesabu yako iwe rahisi: bomba la moto likiwa ndani ya mita 2 au 3, unganisha. Likiwa mbali zaidi, achana nalo na utafute kifaa kinachopasha maji chenyewe.

Kiti cha umeme hupashaje maji, na nichague cha tangi au cha papo hapo?

Cha tangi kina chombo kidogo ndani, mara nyingi chini ya lita moja au kuizidi kidogo, chenye maji yaliyopashwa na kusubiri. Hita yake ni ya wati mia chache, kwa hiyo haiusumbui sana umeme wa nyumba. Udhaifu wake ni kwamba maji hayo yanaisha. Baada ya sekunde 30 hadi dakika moja hivi, kutegemea ukubwa wa tangi na nguvu uliyochagua, utaanza kuhisi ubaridi ukiingia. Ili kupasha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 38 unahitaji kilojuli 75 hivi, na hita ya wati 300 huchukua zaidi ya dakika 4 kuzitoa. Nyumba yenye watu wawili hilo halisumbui. Nyumba yenye watu saba wanaojiandaa asubuhi, wa pili kwenye foleni atalihisi.

Cha papo hapo hakina akiba. Maji yanapashwa yanapopita, na yanaendelea kuwa ya uvuguvugu hata ukikaa dakika tano. Kwa malipo ya uhuru huo, hita yake ni kubwa, kwa kawaida wati 1,200 au zaidi inapofanya kazi. Tena haiwezi kupasha maji mengi. Mtiririko wa nusu lita kwa dakika kutoka nyuzi 20 hadi 38 unataka wati 630 hivi. Maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 8, hitaji linapanda hadi wati 1,050, na ukiongeza mtiririko uwe lita moja kwa dakika linafika 2,100. Ndiyo maana viti hivi hurusha maji membamba, na baadhi huyachanganya na hewa au kuyakatakata ili mwili uhisi wingi ambao haupo. Wanaoishi penye maji baridi sana wasome kwenye maelezo ya kifaa ni joto gani la chini la maji yanayoingia ambalo kinalimudu.

Ushauri wangu: waya wa umeme wa nyumba ukiwa mzuri, chukua cha papo hapo. Waya ukiwa mwembamba, au umeme ukiwa wa inveta, cha tangi kitakaa kwa amani zaidi.

Kitaongeza bili ya umeme?

Kuchamba kwenyewe hakuongezi cha kutisha. Nusu lita iliyopashwa kwa nyuzi 18 hula takriban sehemu moja ya mia ya uniti. Kinachokula umeme ni kusubiri: tangi linalopashwa usiku kucha na kiti kinachotiwa joto wakati hakuna aliyekikalia. Zima joto la kiti pasipo baridi, na uwashe mpango wa kubana matumizi ikiwa kifaa kinao.

Naweza kufunga hita ndogo ya papo hapo kwenye bomba la mkono?

Hita ndogo, hapana. Bomba la mkono hupitisha maji mengi kuliko nozeli ya kiti. Tuseme ni lita 4 kwa dakika: kuyatoa nyuzi 20 hadi 38 kunataka wati 5,000. Hiyo ni hita ya shawa, yenye waya wake mnene na brekara yake. Bomba la mkono la maji ya uvuguvugu hulishwa na bomba la moto na la baridi kupitia kichanganyio kilichofungwa ukutani, au na hita ya tangi. Mwenye shawa ya maji ya moto ukuta wa pili ana bahati, kwani fundi anaweza kutoa tawi hapo hapo.

Joto liwe kiasi gani, na hatari ya kuungua ikoje?

Viti vingi vya umeme vina ngazi za kuanzia takriban nyuzi 32 hadi 40. Mwongozo wa Uingereza wa valvu za kuchanganyia maji unaweka bideti kwenye nyuzi 38 zisizozidi, chini ya shawa na sinki ambazo ni 41. Bideti imewekwa chini kwa sababu ngozi ya huko ni laini na mtu hana nafasi ya kuruka pembeni.

Kwenye viti vya umeme hatari ni ndogo, kwa kuwa themostati (kidhibiti joto) na kinga ya joto vimo ndani. Wasiwasi wangu uko kwenye vifaa vya mabomba mawili. Hita ya nyumba inashauriwa kuhifadhi maji kwenye nyuzi 60 hivi, kwa sababu bakteria wa legionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, huzaliana kati ya nyuzi 20 na 45. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, na ya mtoto au mzee upesi zaidi. Hita ya jua ni kali kuliko hiyo, maana siku ya jua kali maji yake yanaweza kupita nyuzi 70.

Kwa hiyo usiishushe hita ya nyumba nzima ili bideti iwe salama. Iache hita na joto lake, kisha funga valvu ya kuchanganyia yenye themostati karibu na choo, iwekwe nyuzi 38. Valvu hiyo hujirekebisha presha inapobadilika, na ile iliyo nzuri hufunga maji ya moto kabisa yale ya baridi yakikatika. Kichanganyio cha kawaida cha kuzungusha kwa mkono hakifanyi hivyo: mtu akifungua bomba la baridi jikoni, maji ya chooni yanapanda joto ghafla. Ikiwa una bajeti ya kitu kimoja cha ziada katika kazi hii yote, kiwe valvu hiyo.

Tangi langu liko juu ya paa. Presha itatosha?

Pima kimo. Kila mita 10 za kimo kutoka kwenye maji ya tangi hadi kwenye nozeli hutoa presha ya bari moja hivi. Viti vingi vya umeme vinataka angalau bari 0.5, yaani mita 5. Tangi lililo juu ya dari la nyumba isiyo ya ghorofa huwa mita 2 au 3 juu ya choo, sawa na bari 0.2 au 0.3, na kiti kitakuonyesha hitilafu au kitalenga vibaya. Tafuta kilichoandikwa wazi kwamba kina pampu ndani au kinakubali presha ndogo, au ufunge pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba linaloingia bafuni.

Presha ikizidi nayo ni tatizo. Vifaa vingi vina kikomo cha karibu bari 7.5, na jengo refu linaweza kukipita usiku watu wanapolala. Valvu ya kupunguza presha inamaliza jambo hilo.

Je, maji machafu ya chooni yanaweza kurudi kwenye mabomba ya nyumba?

Ndiyo, na hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aliulize kabla ya kununua.

Maji yakikatika mtaani, au mtu wa ghorofa ya chini akifungua bomba kubwa, presha ndani ya mabomba inaweza kushuka hadi mabomba yaanze kunyonya. Mpira wa bomba la mkono ukiwa umeanguka ndani ya bakuli na koki yake iko wazi, yatakayonyonywa ni maji ya bakuli. Yataingia kwenye bomba lile lile linalojaza sufuria ya jikoni.

Kinga ya kweli ni pengo la hewa: maji yaanguke kutoka juu kwenda kwenye tangi dogo, na bideti inywe kutoka humo, ili kusiwe na njia ya majimaji ya kurudia. Viti vingine vya umeme na vyoo kamili vimejengewa pengo hilo au valvu inayoingiza hewa mabomba yanapovuta. Muulize muuzaji, naye akuonyeshe kwenye kitabu cha kifaa. Valvu ya kuzuia maji kurudi ni bora kuliko kukosa kinga, ila chembe ya mchanga inatosha kuiacha wazi. Nchi nyingi zina kanuni za mabomba kuhusu jambo hili, na fundi bomba aliyesajiliwa anazijua.

Kwa bomba la mkono, weka kishikio ukutani mahali ambapo kichwa kikianguka hakifiki kwenye maji ya bakuli, na ufunge koki kila unapomaliza. Koki hiyo inaokoa pia mpira wenyewe. Kitufe cha kichwa hakikuundwa kuzuia presha usiku na mchana, na mpira ulioachwa umevimba ipo siku utapasuka, mara nyingi hakuna mtu nyumbani. Beseni la kale lenye bomba la kawaida juu ya ukingo lina pengo la hewa kwa umbile lake. Lile linalorusha maji kutoka chini halina.

Kuna na balaa dogo la vifaa vya mabomba mawili. Ukiacha kichanganyio wazi na kufunga kitufe cha mbele tu, maji ya moto na baridi yanakutana, na ya bomba lenye presha kubwa yanaingia kwenye bomba la pili. Utashangaa maji ya moto yakitoka kwenye bomba la baridi la jikoni. Valvu ya kuzuia kurudi iwepo upande wa moto na upande wa baridi.

Kuhusu umeme, niangalie nini?

Volti kwanza. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, na sehemu kubwa ya dunia 220 hadi 240. Kiti kilichotengenezwa kwa volti 100 kikichomekwa kwenye 230 kimekwisha. Transfoma ya kubeba hita ya wati 1,200 ni zito, lina joto, na mahali pake si chooni. Nunua kifaa cha volti za nyumbani kwako.

Soketi iwe na waya wa ethi unaofanya kazi kweli, na saketi ilindwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30 au chini yake. Maji, ngozi tupu na umeme viko pamoja hapa. Waya wa kiti ni mfupi, mara nyingi mita moja na kidogo, kwa hiyo soketi iwekwe kando ya choo, juu ya sakafu, mbali na mrusho wa shawa. Usitumie waya wa kuungia unaopita sakafuni. Fundi akikuambia ethi si muhimu, mtafute mwingine.

Nitajuaje kama kiti kitaingia kwenye choo changu?

Pima urefu kutoka katikati ya matundu ya boliti hadi ncha ya mbele ya bakuli. Vyoo vya Marekani ya Kaskazini ni vya namna mbili, vya duara vya sentimita 42 hivi na vya umbo la yai vya sentimita 47 hivi. Kwingineko vipimo hutofautiana zaidi, basi usikisie. Pima na umbali kati ya matundu mawili, kisha nafasi iliyopo kati ya matundu na tangi la choo, kwani sehemu ya nyuma ya kiti cha umeme ni nene. Vyoo vya kipande kimoja ambavyo tangi limejipinda kuelekea bakuli, na vile vyenye bakuli la pembe nne, hukataa viti vingi.

Ukinunua choo kamili, pima pia umbali kutoka ukuta uliokwisha kupigwa vigae hadi katikati ya tundu la maji machafu sakafuni, na uhakikishe kama choo chako kinatoa uchafu kwa chini au kwa nyuma ukutani. Kosa la hapa linavunja vigae.

Kiti peke yake au choo kamili?

Kiti. Choo cha kauri kinadumu miongo, lakini hita na vifaa vya kielektroniki vinachakaa mapema zaidi. Kiti kikifa unafungua boliti mbili na kuweka kingine. Choo kamili nakielewa kwa anayejenga bafu jipya na anayetaka kusafisha kwa urahisi, kwa kuwa hakina mianya mingi. Ila ahakikishe kinaweza kuflashi kwa mkono umeme usipokuwepo.

Nina choo cha kuchuchumaa.

Bomba la mkono ndilo linalokufaa.

Baba ni mzee na mikono yake inatetemeka. Nimchagulie kipi?

Kiti cha umeme chenye rimoti ya ukutani, vitufe vikubwa, na upepo wa kukaushia. Vitufe vilivyo ubavuni mwa kiti vinamlazimisha kujipinda, na huko ndiko kuanguka. Beseni la kando silipendekezi kwake, maana atalazimika kuinuka, kuhama na kukaa tena. Funga vishikio ukutani siku hiyo hiyo. Bideti humrudishia mzee faragha yake, na kwa wengi hilo ni kubwa kuliko usafi wenyewe.

Tahadhari moja: kwa mwenye kisukari ambaye ganzi imemwingia, aliyepooza, au anayesinzia chooni, zima joto la kiti. Joto lisiloonekana kali linaweza kuunguza ngozi taratibu likigusana nayo kwa muda mrefu, na mtu asiyehisi hataondoka. Joto la maji nalo lipimwe na mtu mwingine kwa kiwiko.

Kuna matumizi yenye madhara?

Yapo, na mengi yanatokana na kuzidisha. Maji makali kwa muda mrefu huondoa mafuta ya ngozi, na muwasho unaofuata humfanya mtu aoshe zaidi. Anza na nguvu ya chini kabisa, sekunde 10 hadi 20, kisha kausha kwa kugusa bila kusugua. Usielekeze maji ndani ili kuchokoza haja kubwa. Wanawake waoshe kutoka mbele kwenda nyuma, na kwa bomba la mkono hilo ni la kuzingatia mno, kwa kuwa mkono ndio unaolenga. Anayetokwa damu amwone daktari, maji yasimcheleweshe.

Maji yangu yana chumvi na chokaa. Kifaa kitadumu?

Kitadumu kikihudumiwa. Chokaa huganda kwenye hita na kuziba matundu ya nozeli, na hita ya papo hapo huumia zaidi kwa sababu njia zake ni nyembamba. Weka filta kwenye bomba linaloingia, na usafishe wavu mdogo ulio kwenye kiungo cha maji kila baada ya miezi michache, zaidi ikiwa maji ni ya kisima au huja na tope yakirudi baada ya kukatika. Nozeli itolewe nje kwa kitufe chake cha usafi, ifutwe kwa kitambaa chenye siki, iachwe dakika chache, isuuzwe. Usitumie klorini kali wala unga wa kusugulia kwenye plastiki ya kiti. Ile nozeli kujiosha yenyewe ni jambo jema, ila haikuondolei kazi ya kuifuta.

Shimo la maji taka litajaa upesi?

Hapana. Kuchamba kwa kiti ni takriban nusu lita hadi lita moja, wakati kuflashi mara moja ni lita kadhaa.

Nikisafiri majuma kadhaa?

Funga koki ya bideti, chomoa waya, na ukiwa na kiti cha tangi fungua kizibo chake umwage maji yote. Penye baridi ya kugandisha hilo ni la lazima, la sivyo tangi litapasuka. Ukirudi, fungua koki taratibu, chunguza viungo kwa karatasi kavu kama kuna unyevu, kisha acha maji yapite kwenye nozeli dakika moja au mbili huku ukiwa umeikinga kwa mfuko wa plastiki, kabla mtu yeyote hajakikalia. Kwa kifaa cha mabomba mawili, fanya hivyo upande wa moto na upande wa baridi, dirisha likiwa wazi, hadi maji ya moto yafike yakiwa moto kweli.